Kigango Kinapokuwa Parokia: Historia Yake Ianzie Mwaka Gani?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa kamati ya historia katika kigango kimoja, yaani jumuiya ya waamini iliyo chini ya parokia, cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, Jimbo la Mpanda. Kigango chetu kiko mbioni kutangazwa parokia, na Baba Paroko ametuagiza tuandae kijitabu cha historia kwa ajili ya siku hiyo. Tumekwama mwanzoni kabisa. Baadhi ya wazee wanasema tulianza "enzi za Karema". Wengine wanasema tulianza lilipojengwa kanisa la matofali. Vijana nao wanasema hakuna mjadala, parokia inaanza siku Baba Askofu atakapoitangaza. Tuandike mwaka upi? Na habari za zamani tuzipate wapi, maana hapa kigangoni hatuna hata daftari moja la zamani?

JIBU: Milele na milele, Amina. Andikeni miaka yote mitatu, na kila mmoja mueleze ni mwaka wa nini. Kosa ninaloliona mara kwa mara katika vijitabu vya jubilei ni kung'ang'ania mwaka mmoja ili keki ikatwe, na wengine wote waliotangulia wakafutwa.

Nianze na vijana, kwa sababu hoja yao ni nyepesi na ni ya kweli. Kwa Sheria ya Kanisa, kanuni ya 515, mwenye mamlaka ya kuanzisha parokia ni Askofu wa jimbo peke yake, baada ya kusikiliza baraza la mapadre. Tarehe ya hati yake ndiyo tarehe ya kuzaliwa kwa parokia, wala haina mbadala. Nakala ya hati hiyo iwekwe ukurasa wa mbele wa kijitabu chenu. Lakini Askofu hatangazi parokia porini. Anaitangaza mahali ambapo tayari kuna watu wanaosali, kuna katekista, kuna jumuiya na kuna nyumba ya sala. Hao wametoka wapi? Hapo ndipo historia yenu ilipo.

Sasa "enzi za Karema". Maneno haya yanahitaji kuchujwa sana kabla hayajaingia kitabuni, kwa sababu Karema imekuwa vitu vingi kwa nyakati tofauti.

Kabla ya kuwa misheni ilikuwa ngome. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na shirika la Mfalme Leopold wa Pili, alianza kujenga kituo pale juu ya kilima kando ya ziwa. Kilikuwa kituo cha wapelelezi na askari, hakikuwa cha dini. Baada ya Mkutano wa Berlin, Leopold alielekeza nguvu zake zote upande wa Kongo, na pwani ya mashariki ya ziwa ikawa inaelekea mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1885 shirika lake likawakabidhi Wamisionari wa Afrika, hao tunaowaita Mapadre Weupe, vituo viwili: Karema upande huu na Mpala ng'ambo ya ziwa. Mapadre wakahamia ndani ya ngome ile ile. Kwa hiyo hata misheni mama yenyewe ina mianzo miwili, na anayeandika 1879 na anayeandika 1885 wote wana sababu, mradi waseme wanahesabu nini.

Kisha Karema ikawa makao ya askofu. Askofu wa kwanza, Charbonnier, aliwekwa wakfu Kipalapala, Tabora, mwaka 1887, akafariki Karema mwaka uliofuata. Aliyemfuata, Bridoux, alifariki Kibanga, upande wa Kongo, mwaka 1890. Homa ilikuwa inawamaliza. Aliyedumu ni Adolphe Lechaptois, aliyeteuliwa mwaka 1891 na kufariki Karema mwaka 1917. Wakati wake ndipo Masista Weupe walipofika, mwaka 1894, na ndiye aliyeanzisha hapo Karema, mwaka 1907, shirika la watawa wazalendo ambalo leo tunalijua kama Masista wa Maria Malkia wa Afrika. Ni wakati huo pia mapadre walipoenea kusini kando ya ziwa hadi Kirando na Kala, wakapanda Ufipa, wakashuka bonde la Rukwa hadi Zimba na Mkulwe. Kila misheni ilikuwa na vigango vyake, na vigango vingi vya misheni hizo leo ni parokia, na baadhi ya parokia hizo nazo zimekwisha kuzaa.

Angalia sasa jambo linalowapoteza wengi. Eneo lile lote liliitwa Vikarieti ya Tanganyika, yaani eneo la kimisionari lenye askofu ambalo bado halijawa jimbo kamili. Mwaka 1946 upande wa Kigoma ulitengwa, na sehemu iliyobaki ikaitwa Vikarieti ya Karema. Mwaka 1953 ikawa Jimbo la Karema. Jina hilo lilidumu hadi 1969, jimbo lilipoitwa Sumbawanga. Mwaka 2000 ndipo Jimbo la Mpanda lilipozaliwa, na Karema, iliyowahi kuwa makao ya maaskofu, ikabaki ndani yake kama parokia ya kijijini. Basi mzee anapokwambia "tulikuwa chini ya Karema", muulize taratibu: chini ya parokia ya Karema, yaani padre wa Karema ndiye aliyekuwa anakuja kuwasomea Misa, au chini ya Jimbo la Karema, ambamo hata mtu wa Sumbawanga mjini alikuwamo? Majibu haya mawili yanaweza kutofautiana kwa zaidi ya miaka hamsini. Inawezekana kabisa kigango chenu hakikuwahi kuwa kigango cha Karema bali cha misheni nyingine, na wazee wenu bado wanasema kweli.

Mmesema hamna daftari hata moja. Msisikitike, kwa kuwa kigango hakina vitabu vyake vya sakramenti. Mtoto wa kigangoni anabatizwa kigangoni, lakini jina lake linaandikwa katika kitabu cha parokia. Kwa hiyo kumbukumbu zenu zipo, ila zimehifadhiwa kwa mama. Ombeni barua ya Baba Paroko, nendeni parokia mama na mfungue vitabu vya ubatizo kuanzia cha zamani kabisa kinachopatikana. Kanuni ya 535 inaagiza vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu, na Askofu hukagua hifadhi hiyo anapotembelea parokia, kwa hiyo kuviomba siyo kumsumbua mtu.

Kitabu cha zamani kimeandikwa kwa Kilatini, lakini msiogope. Kila mstari unarudia maneno yale yale: namba, tarehe, jina la mbatizwa, majina ya wazazi, msimamizi, mahali, na jina la aliyebatiza. Baada ya kurasa mbili tatu jicho linazoea. Ninyi mnatafuta safu ya mahali. Hapo mjue mambo mawili. La kwanza, vijiji vya zamani vilitajwa kwa jina la mkuu wake, si kwa jina la mto au mlima kama ilivyo leo, na mkuu akifa jina la kijiji linaweza kubadilika. Kwa hiyo kabla ya kwenda, kusanyeni majina ya wakuu wote waliowahi kutawala pale kwenu, hata wale wa kukumbukwa kwa nyimbo tu. La pili, waandishi wengi walikuwa Wafaransa. Ujiji kwao ni "Oudjidji", Ufipa ni "Oufipa". Jina la kijiji chenu lisomeni kwa sauti kama Mfaransa angelisikia, kisha mlitafute kwa tahajia hiyo.

Mkishampata mtu wa kwanza wa kijiji chenu, msikimbilie kuandika kwamba ukristo ulianza mwaka huo. Tazameni alikuwa na umri gani na alibatizwaje. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, aliweka utaratibu mkali: miaka miwili ya kuwa mwombaji, kisha miwili ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa, ndipo ubatizo. Utaratibu huu ni zawadi kubwa kwa mwandishi wa historia. Tuseme mnakuta watu wazima kumi wa kijiji chenu wamebatizwa siku moja, mkesha wa Pasaka wa mwaka fulani, baada ya kufundishwa kwa njia ya kawaida. Rudini nyuma miaka minne. Karibu na hapo ndipo mafundisho yalipoanza, na mafundisho hayaanzi bila mtu wa kufundisha na mahali pa kukutania. Mmepata mwaka wa kigango, hata kama hakuna aliyeuandika.

Lakini kuna mstari wa namna nyingine, na huu ndio ninaowasihi mshuke nao polepole. Pembeni utaona maneno "in periculo mortis" au "in articulo mortis", kwa ufupisho wowote ule. Maana yake mtu alibatizwa akiwa mahututi. Angalia aliyebatiza. Mara nyingi hapo hakuna jina la padre, kwa sababu padre alikuwa mbali, pengine safari ya siku mbili kwa mtumbwi. Kuna jina la katekista, au la mkristo wa kawaida aliyekuwa karibu. Mgonjwa akipona, utakuta baadaye imeongezwa kwamba taratibu zilizobaki za ibada ya ubatizo zilikamilishwa kanisani, na tarehe yake. Mistari hiyo midogo ndiyo kumbukumbu ya maandishi iliyo karibu zaidi na makatekista wenu wa kwanza. Padre ana wasifu wake, ana picha, ana kaburi lenye msalaba wa saruji. Katekista ana jina lake katika mstari wa mgonjwa aliyekuwa anakata roho, basi. Mkikusanya mistari hiyo mtajua ni nani alikuwa anawatumikia, na tangu lini hadi lini.

Hapa nitasema ninavyoamini. Vijitabu vingi vya historia ya parokia ni orodha ya maparoko na picha zao. Orodha hiyo iwepo, ni haki yao. Ila kigango hakikuanzishwa wala kutunzwa na paroko aliyefika mara moja kwa miezi mitatu. Aliyegonga rimu la gari Jumapili asubuhi watu wakaja kusali, aliyeongoza ibada ya Neno, aliyefundisha watoto kusoma chini ya mwembe kabla serikali haijaleta shule, aliyemzika maskini usiku wa mvua, huyo alikuwa katekista. Tena wengi walilipwa kidogo sana na waliishi kwa jembe na nyavu zao. Sura ndefu kuliko zote katika kitabu chenu iwe yao, na mke wa kila katekista atajwe, maana mara nyingi ndiye aliyewafundisha akina mama na kuwaandaa watoto kwa Komunyo ya Kwanza.

Mfano mkubwa mnao jirani. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa kuvuka jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Lavigerie akampeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari pamoja na vijana wengine wa Kiafrika, kwa kusudi la kuwafanya wawe madaktari na makatekista kwa wakati mmoja. Alifika Karema mwaka 1889. Akaoa hapo, akatibu hapo, akafundisha dini hapo, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Hesabu ni maaskofu wangapi na maparoko wangapi walipita akiwa yupo. Mwanawe akawa padre. Mtu anayetaka kujua ni nani aliyeishika misheni ya Karema mkononi muda mrefu kuliko wote, jibu lake ni mlei, mwenye mke na watoto.

Habari ya Atiman inatupeleka kwenye jambo zito. Wakristo wa mwanzo wa Karema wengi walikuwa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, pamoja na watu waliokimbilia misheni kutafuta usalama. Misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa, na kuta za ngome ziliwalinda. Andikeni hivyo bila kuficha, kwa sababu bila hilo hamuwezi kueleza kwa nini kijiji cha misheni kilikuwa na watu wa makabila mengi kiasi kile, wala kwa nini Kiswahili kilishika mizizi mapema. Lakini msitaje kwamba ukoo wa fulani ulitokana na mtumwa, hata kama kitabu cha ubatizo kinaonyesha, mpaka wenye ukoo wenyewe wakubali. Jambo hilo bado linauma katika ndoa na mirathi. Ukweli wa jumla uandikwe, jina la mtu lilindwe.

Chanzo cha pili baada ya vitabu vya sakramenti ni shajara ya misheni. Kila kituo cha Mapadre Weupe kilitakiwa kuandika matukio ya siku: nani amesafiri, nani amefariki, mvua, njaa, ugomvi na mkuu wa kijiji, kigango kilichofunguliwa, kanisa lililoangushwa na upepo. Zimeandikwa kwa Kifaransa. Nakala zilipelekwa makao yao makuu ya wakati huo karibu na Algiers, na leo hifadhi kuu ya shirika iko Roma. Msijaribu kuomba "kila kitu kuhusu kijiji chetu", hamtapata jibu la maana. Fanyeni kwanza kazi ya vitabu vya ubatizo, mpate miaka mitatu au minne ya muhimu, kisha muombe kurasa za miaka hiyo tu za misheni mliyokuwa chini yake. Kila jimbo lina padre mmoja au wawili wanaosoma Kifaransa, na Idara ya Katibu wa Jimbo itawaelekeza.

Wazee nao wahojiwe mapema, kabla ya yote haya ikiwezekana, kwa sababu vitabu vitatungoja na wao hawatatungoja. Ila msiwaulize "ilikuwa mwaka gani?" Swali hilo linamlazimisha mzee kubuni. Muulizeni alibatizwa na nani, nani alikuwa katekista, kanisa lilikuwa la nyasi au la bati, na Askofu gani alimpa Kipaimara. Hilo la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu hakuna anayesahau Askofu aliyemgusa paji la uso. Akisema Askofu Birraux, yuko kati ya 1920 na 1936, ingawa waliopata Kipaimara enzi hizo sasa mtawapata kupitia kumbukumbu za watoto wao. Van Sambeek ni 1936 hadi 1946. Holmes-Siedle ni 1946 hadi 1958. Akisema Msakila, ni kuanzia 1958, na hapo mtahitaji swali la ziada kwa sababu Askofu Charles Msakila aliongoza hadi miaka ya 1990. Kisha nendeni kwenye kitabu cha Kipaimara cha parokia mama mkaipate siku yenyewe.

Linganisheni pia na kuhama kwa watu, kwa sababu kigango hufuata watu, na watu wa mwambao wenu wamehama mara nyingi. Ngome ya Karema ilipojengwa, ziwa lilikuwa jirani kabisa. Lakini mnamo 1878 maji yalikuwa yamevunja kizuizi cha mto Lukuga upande wa Kongo, na kwa miaka kadhaa ziwa likaendelea kushuka hadi ngome ikabaki mbali na ufuko. Vijiji vya wavuvi vikayafuata maji. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ukaja ugonjwa wa malale, na utawala wa kikoloni ukawahamisha watu kutoka kwenye mapori yenye mbung'o. Mwaka 1916 majeshi ya Kibelgiji yakavuka ziwa, na vita ikavuruga misheni. Miaka ya 1940 na 1950 vijana wakakimbilia mgodi wa risasi wa Mpanda, na reli ya kutoka Kaliua ikafika huko mwaka 1950. Hao mtawaona katika kitabu cha ubatizo, pembeni, pale parokia ya mbali ilipotuma taarifa kwamba fulani amefunga ndoa huko. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Katika jimbo lenu ongezeni wakimbizi wa Burundi waliokimbia mwaka 1972, wakapokelewa Katumba na baadaye Mishamo, wengi wao Wakatoliki waliokuja na makatekista wao na nyimbo zao.

Kwa hiyo wazee wanaosema kigango kilianza "zamani sana" na wale wanaosema kilianza na kanisa la matofali huenda wanazungumzia sehemu mbili tofauti. Ombeni mwongozo wa mzee mmoja aliyekua kabla ya vijiji vya ujamaa, mwende kwa miguu mpaka lilipokuwa kanisa la nyasi. Tafuteni makaburi, mwembe uliopandwa kwa mstari, msingi wa mawe. Pigeni picha, andikeni umbali kutoka kanisa la sasa. Mkiona kigango kilihama mara mbili, semeni kilihama mara mbili. Kanisa la matofali basi lipate nafasi yake kama jengo la tatu la jumuiya ile ile, pamoja na majina ya mafundi na akina mama waliosomba maji ya kufyatulia tofali, na kiasi cha mchango kama bado mna daftari la mhazini.

Kuhusu jumuiya ndogo ndogo, aya mbili zinatosha: zilipoanza kwenu, zilivyogawanywa, majina ya watakatifu wao. Halmashauri ya walei ipate ukurasa wa viongozi wake.

Siku parokia yenu itakapotangazwa, mtafungua vitabu vipya na mbatizwa wa kwanza ataandikwa namba moja. Vile vya zamani vitabaki kwa mama na haviruhusiwi kukatwa wala kugawanywa, hata kama kurasa nzima ni za watu wenu. Kabla ya siku hiyo ombeni ruhusa ya kupiga picha kila ukurasa wenye jina la kijiji chenu. Tumieni simu nzuri mchana karibu na dirisha, bila kubandua wala kulowesha kidole, na kila picha ipewe namba ya kitabu na ya ukurasa. Wekeni nakala moja parokiani kwenu, moja kwa Katibu wa Jimbo, na moja kwa mtu wa kamati mwenye makazi ya kudumu hapo kijijini. Kazi hiyo kwa parokia ya kawaida inahitaji watu wawili, mmoja afungue na mmoja apige, na katekista mzee akae nao mezani awasomee majina.